Kengele ya Tutaona Iliponyamaza

Butembo, jioni ya kuamkia safari yako

Masika mwanangu,

Unisamehe kwa kimya changu kirefu. Siku ile habari ya kazi yako ilipofika kutoka Mutwanga, uliniuliza swali moja mbele ya mama yako: «Papa, naweza kwenda na Tutaona?» Tangu siku hiyo tumekula meza moja, tumesali kanisa moja, tumesalimiana asubuhi na jioni, na swali lako sijalijibu. Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika. Sikujua la kujibu, na mtu aliyefundisha maisha yake yote huona haya kusema kwamba hajui.

Kesho utashuka Beni kwa gari, kisha utapanda pikipiki hadi Mutwanga. Mambo ya sweta, ya chandarua na ya kumheshimu shangazi yako, mama yako amekwisha kuyasema, tena vizuri kuliko ambavyo ningeyasema mimi. Mimi nitasema habari za mbwa.

Jambo lenyewe tunalijua sote wawili. Unakwenda kutibu mifugo ya watu, na pamoja na kazi hiyo umeahidiana na akina mama wa huko kufuga kwale. Tangu Ebola ipite kwetu, watu wanaiogopa nyama ya porini, lakini hamu ya kwale haijawatoka. Ndege aliyezaliwa bandani, akaangaliwa na mtu aliyesomea kazi hiyo, atapata wanunuzi. Ila wale wa kwanza lazima watoke shambani wakiwa wazima, bila jeraha, na mbwa wetu wa kienyeji hawamwachi ndege mzima. Anayeweza ni Tutaona peke yake. Nikimzuia, mpango wako unalala. Nikimtoa, ninabaki bila jambo pekee nililolifanya baada ya kustaafu ambalo watu wa Butembo wanalitaja kwa heshima. Hilo ndilo lililonifunga mdomo.

Nilimjua mbwa huyu kwenye karatasi kabla ya kumjua kwa macho. Katika maktaba ya shule yetu palikuwa na gazeti la zamani la Kifaransa la mambo ya uwindaji, ambalo hakuna aliyelisoma isipokuwa mimi na panya. Humo nilikuta jamii ya mbwa iitwayo épagneul breton, ambayo watu wa Bretagne waliikuza huko magharibi ya Ufaransa: mdogo, mwepesi, mweupe mwenye madoa ya rangi ya chungwa, manyoya laini, mkia mfupi kama kidole gumba. Gazeti lilisema kwamba akinusa ndege nyasini hamkimbizi. Anasimama, ananyanyua mguu mmoja, na anabaki hivyo hadi mwindaji afike. Nilicheka nikiwa peke yangu, kisha nikaisoma habari hiyo tena. Katika miaka yangu yote darasani sikupata kamwe kiumbe aliyejua jibu akangoja aulizwe.

Rafiki yangu Ramazani, msafirishaji wa Beni, ndiye aliyeniambia kwamba ng'ambo ya mpaka, upande wa Kasese, kuna mtaalamu Mfaransa wa kahawa, na jike wake wa jamii hiyo amezaa. Nilimwomba aniletee mtoto mmoja. Unajua kwamba Ramazani ni Mwislamu mshika dini, na mate ya mbwa kwake ni najisi. Hata hivyo alikubali. Alitengeneza kikapu chenye kifuniko, akakifunga nyuma ya gari mbali na mizigo, na akaja hadi mlangoni petu kukikabidhi mwenyewe. Ulikuwapo aliposimulia yaliyompata mpakani Kasindi, lakini nataka kuyaandika, kwa sababu hadi leo yananichekesha.

Mtu wa forodha alifunua kikapu akauliza: «Hii nini?»

«Mbwa, chef.»

«Mbwa gani haina mukia? Mukia iko wapi?»

«Alizaliwaka vile.»

«Muzee, miye hapana mutoto. Mulikata mukia juu ya kuficha bugonjwa.»

«Chef, kama unatafuta mukia, mimi siko nayo. Uliza Bafaransa.»

Kisha Ramazani akanigeukia, huku mikono yake ameificha nyuma: «Mwalimu, huyu mutoto yako alinilamba mukono. Nikasimamisha gari ku mutoni, nikanawa mara saba, moja na udongo, vile dini inasema. Bachauffeur ya nyuma banapiga klaksoni, banauliza kama nimekuwa fundi wa nyungu! Donc, chukua mbwa yako. Lakini nakuambia, ile macho iko ya mwizi.»

Mama yako alikitazama kile kiumbe kikizunguka uani na kukojolea sufuria yake. «Papa Masika,» akasema, «umetuma mutu mpaka Kasindi juu ya nusu mbwa?»

Kwetu jina la mbwa ni neno ambalo mwenye mbwa huwatumia majirani bila kugombana nao. Majirani walikuwa wameegemea ua wakicheka. Hapo hapo nikamwita Tutaona. Tangu siku hiyo, kila nilipomwita aje kula, mtaa mzima ulisikia jibu langu.

Lakini jina ni rahisi kutoa. Sasa nifike kwenye makosa yangu.

Mimi nilikulia katika uwindaji wa wavu, kama alivyokulia mjomba wako Kambale, kaka ya mama yako, ambaye hadi leo ndiye kiongozi wa wawindaji kijijini kwao. Unajua desturi: mbwa anavishwa kengele ya mbao shingoni, wavu unatandazwa, mbwa wanakimbia wakibweka, na watu wanafuata mlio wa kengele. Kengele inayolia ni mbwa anayefanya kazi. Kengele ikinyamaza, mbwa ametumbukia shimoni, au amenaswa, au amelala. Basi watu hupiga makelele ili aamke. Hilo halifundishwi. Kwetu Wanande mtoto hulipata pamoja na uji.

Kwa hiyo, Tutaona alipokuwa mkubwa, nilimvika kengele kama mbwa mwingine yeyote, nikampeleka kwa Kambale, katika mashamba yaliyopumzishwa. Mbwa wa Kambale waliondoka kama mawe yaliyorushwa. Tutaona alikwenda kushoto, akarudi kulia, pua juu, mwepesi kama mtu anayetafuta anwani. Kisha kengele yake ikanyamaza. Tukamkuta amesimama katikati ya nyasi, mguu mmoja juu, hatikisiki.

«Shemeji,» Kambale akasema, «mbwa yako iko nafanya sala?»

Kijana mmoja wa wavu akajibu: «Hapana, muzee! Iko mbele ya tableau ku masomo. Inangoja Mwalimu aipatie jibu!»

Walicheka hadi wakashika magoti. Nami, badala ya kutazama kilichokuwa mbele ya pua yake, nilitazama vicheko vyao. Nikapiga kelele: «Kimbia!» Nikampiga kwa fimbo. Aliruka pembeni, na kwale akapaa kutoka mahali pale pale, akaenda zake. Hata hapo sikuelewa. Nilidhani ndege ameshtushwa na sauti yangu, na kwamba kuwapo kwake pale hakukuhusiana na uvivu wa mbwa.

Nilirudia hivyo msimu mzima. Akisimama, napiga. Gazeti lilisema waziwazi kwamba mbwa wa jamii hiyo ana moyo laini, na mkono mzito humharibu. Nililisoma nikafikiri kwamba hayo ni mambo ya Wafaransa, wanaolala na mbwa kitandani. Matokeo uliyaona. Tutaona alianza kutembea nyuma ya visigino vyangu. Alipopita karibu na ndege, aligeuza kichwa upande mwingine, kama mtu anayemwona mdai wake sokoni. Nikatangaza nyumbani kwamba mbwa hana pua, na kwamba nitampa yeyote atakayemtaka alinde mbuzi.

Wewe ndiwe uliyesimama. Sikuzoea usimame mbele yangu. Ulisema: «Papa, Tutaona hapana mujinga. Anajua ndege iko wapi. Anatuficha juu anaogopa fimbo.»

Sikukujibu wakati ule pia. Inaonekana ndiyo desturi yangu. Lakini nilitoka nikamtazama yule mbwa, naye aligeuza kichwa, na nikaitambua ile shingo. Nilikuwa nimeiona maisha yangu yote: mtoto anayejua jibu, anayeinamisha macho ili nisimwite, kwa sababu jibu likikosea kidogo litamletea aibu. Nilikuwa nikiwaandikia watoto wa namna hiyo neno «mvivu». Na wewe mwenyewe, Masika, ulinificha mwaka mzima kwamba hutaki kusomea sheria, kwamba unataka kutibu ng'ombe. Nilipogundua, nilisema una siri. Leo nasema ulikuwa na pua nzuri na baba mwenye fimbo.

Fimbo ile niliipasua ikawa kuni. Mama yako aliipikia maharage, na alihakikisha nimeyala.

Baada ya hapo mbwa akawa wako. Ulimpeleka katika mashamba ya karibu, upande ambao njia ilikuwa salama, ukiwa na kamba ndefu na vipande vya ndagala mfukoni. Ulirudi ukinuka samaki hadi nikakukataza kukaa karibu na wageni. Hukumwamuru kitu. Ulimngoja tu. Nami nilijifanya sioni, huku nikiwatazama kutoka dirishani kila mlipotoka. Siku moja ulirudi ukikimbia na kuniambia: «Papa, kengele! Tunasikia vibaya. Ikinyamaza, si amelala. Ikinyamaza, amepata!»

Nilianza kuhesabu moyoni kengele zote zilizonyamaza katika msimu ule, na kila mara nilipokimbia na fimbo kumwamsha mbwa aliyekuwa macho kuliko sisi sote.

Likabaki tatizo moja. Gazeti lilisema mbwa akisimama, mwindaji husogea na bunduki. Kwetu, waasi walivyo wengi, nani atatembea shambani na bunduki? Hatachukuliwa kuwa mwindaji; atachukuliwa kuwa kitu kingine, na hatarudi nyumbani kueleza. Mbwa anayesimama kwa ajili ya bunduki ni wa nini katika nchi ambayo mtu mwema hashiki bunduki? Nikalifungua tena lile gazeti. Chini ya picha moja palikuwa na maelezo mafupi niliyokuwa nimeyaruka, kwa kuwa yalihusu zamani na mimi nilitaka ya leo: kwamba kabla ya bunduki kuenea, mababu wa mbwa hawa waliwindishwa kwa wavu. Mbwa alisimama au alijilaza, na watu waliuvuta wavu juu yake na juu ya ndege kwa pamoja.

Wavu! Masika, sijui kama uliniona nilivyoinuka. Kwa wavu hakuna Mfaransa anayeweza kumfundisha Kambale kitu.

Kambale alikubali tujaribu tena kwa sababu ya mama yako, na pia kwa sababu alitaka kucheka tena. Maharage yalikuwa yamevunwa, nyasi zimekauka. Alileta wavu mwepesi, na watu wa kuushika kila pembe. Mbwa wake aliwafunga, kwa kunung'unika. «Mbwa bote bamefungwa,» akawatangazia wenzake, «juu ya mbwa moja mwenye kufanya sala. Leo tutakula majani.»

Wewe ulimwachilia Tutaona. Alikwenda kushoto, akarudi kulia, na kengele ile ya mbao ikilia taratibu. Nilikuwa nimeficha mikono mfukoni ili isifanye upumbavu. Kisha kengele ikanyamaza.

«Imelala!» akasema yule kijana wa wavu, naye akavuta pumzi apige kelele.

Wewe, binti yangu, uliinua mkono mmoja tu, na watu wazima wakanyamaza. Hata Kambale alinyamaza. Mkausogeza wavu kutoka nyuma, polepole, ukapita juu ya mgongo wa mbwa kama shuka juu ya mtoto aliyelala. Alikuwa anatetemeka kuanzia puani hadi kwenye kile kimkia chake, lakini mguu haukushuka. Wavu ukagusa nyasi za mbele. Halafu nyasi zikalipuka. Kwale walipaa wote kwa pamoja, wakaupiga wavu, wakapiga kelele, na watu wakaanguka juu ya pembe zake wakiita majina ya watakatifu. Katikati ya ghasia hiyo Tutaona alikuwa bado amesimama, wavu kichwani, akikutazama wewe kana kwamba anauliza kama sasa anaruhusiwa kupumua.

Tuliwatoa ndege mmoja mmoja. Hakuna aliyevunjika bawa. Hakuna aliyetoka damu.

Kambale alipiga magoti. Nilidhani anatafuta ndege aliyebaki. Kumbe alikuwa ameshusha uso wake hadi kwenye usawa wa pua ya mbwa, anatazama mbele, kwenye zile nyasi, aone alichokiona mwenzake. Alipoinuka alivua kofia yake, ile ambayo haivui hata kwa chifu.

«Wasingya,» akamwambia mbwa kwa Kinande. Asante. Kisha akanigeukia: «Shemeji, tulikuwa tunamupigia kelele akiwa na ndege ku mudomo wa pua.»

«Mimi nilikuwa nampiga kabisa,» nikasema.

«Njo vile. Mais leo amekusamehe, anakutazama muzuri.» Hakuwa ananitazama mimi, lakini sikumsahihisha. Siku ile sikumsahihisha mtu yeyote.

Unakumbuka tulivyorudi mjini. Vikapu vya kwale wazima vichwani, Tutaona mbele, na Kambale akisimulia kwenye kila kona, tena akisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyemwagiza mbwa kutoka Ufaransa. «Munaona mbwa ile? Njo dawa! Kengele ikilia, hakuna kitu. Ikinyamaza, tayarisha sufuria!» Majirani wale wale wakatoka uani. Mmoja aliuliza kama nitawauzia watoto wa Tutaona atakapozaa. Mama yako, ambaye alikuwa amemwita nusu mbwa, alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: «Mukia ni ya kazi gani? Mbwa hapana ng'ombe, afukuze nzi.»

Nimepata sifa kadhaa maishani. Wanafunzi wangu wengine wamekuwa wakubwa, nao hunisalimu kwa kofia mkononi. Lakini sijawahi kutembea katika barabara za Butembo kama nilivyotembea siku ile, nyuma ya mbwa asiye na mkia na binti mwenye kunuka ndagala.

Basi, jibu langu. Tutaona atakwenda nawe kesho. Kikapu chake kiko tayari karibu na mlango, na kengele iko ndani. Nimemwomba Ramazani, naye amesema mtapanda gari lake hadi Beni, mbwa akae nyuma, na wewe ukae na mbwa ili mtu asilambwe tena.

Usidhani ninakupa zawadi. Ninarudisha. Mbwa niliyemleta mimi kutoka Kasindi alikuwa amekwisha kuharibika. Huyu aliyepo ulimfanya wewe. Nilichelewa kusema kwa sababu nilitaka bado kusikia watu wakisema «mbwa ya Mwalimu». Ni maneno matamu. Lakini shambani, kengele iliponyamaza, hakumtazama Mwalimu.

Huko Mutwanga watakucheka mwanzoni. Wacheke. Wewe unajua mpaka wa hifadhi ya wanyama ya huko uko wapi na walinzi wanapita wapi. Mbwa hajui, kwa hiyo uwe na macho kwa ajili yake, naye atakuwa na pua kwa ajili yako. Siku atakayosimama mahali ambapo wewe huoni kitu, na watu nyuma yako wanakuhimiza, nakuomba usitazame watu. Mimi niliwatazama msimu mzima, na ndege wote wakaenda zao.

Na kama siku moja utakosea ukamkaripia, rudi shambani keshoye bila maneno. Watu huomba waelezwe. Mbwa huangalia tu mkono wako uko wazi au umefungwa. Nimejifunza hilo uzeeni, na sioni haya kuliandika, kwa kuwa nimelijifunza kabla hujaondoka.

Neno la mwisho. Jana Ramazani alipiga simu kutoka Kasindi. Yule Mfaransa wa kahawa ana watoto wengine, na amebakiza dume mmoja, mweupe na kahawia, ambaye wengine hawamtaki kwa sababu ni mtundu kupita kiasi. Nilimwambia Ramazani kwamba mimi ni mzee, kwamba magoti yangu yanauma, kwamba jambo la namna hiyo linataka kufikiriwa. Leo mchana mama yako alinikuta nyuma ya nyumba nikiziba tundu la ua ambalo hata kuku hapiti. Aliniuliza linazibwa kwa ajili ya nani. Nilimjibu kwamba ua ni ua, na ua wenye tundu haufai. Akaenda zake akicheka.

Sijaamua, Masika. Nikikwisha kuamua, nitakuandikia.

Baba yako